Sanduku la Kadi za Hadithi: Tathmini Baada ya Muhula Mmoja katika Darasa la Tatu

Shule zilipofunguliwa Januari nilikabidhiwa somo la Kiswahili katika darasa la tatu la shule ya msingi ya serikali iliyopo Uyole, Mbeya, na Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nilikwenda Mwanjelwa nikanunua, kwa fedha yangu mwenyewe, sanduku la kadi za kufundishia hadithi kwa shilingi 45,000. Nimelitumia muhula mzima katika mikondo miwili. Walimu wenzangu wa hapa Mbeya, wa Rungwe na mmoja wa Mafinga wameniuliza kama lina thamani ya fedha hiyo, na jibu langu halienei kwenye ujumbe mfupi wa simu, kwa hiyo naliandika hapa kwa ukamilifu. Sitataja jina la watengenezaji wala la duka, kwa kuwa ninayo malalamiko kadhaa na sipendi yamharibie mtu biashara yake.

Sanduku lenyewe ni la katoni ngumu, ukubwa wake kama boksi la viatu vya mtu mzima. Ndani mna kadi 60 zilizolaminiwa, za rangi tano: za njano, ambazo ni 20, ni za wahusika, za kijani, 12, ni za mandhari, nyekundu, 6, ni za tatizo, za bluu, 12, ni za matukio, na za zambarau, 10, ni za suluhisho na funzo. Pamoja na kadi hizo kuna kitambaa kikubwa chenye mchoro wa mlima ambacho hutundikwa ubaoni, dadu moja ya mbao yenye maneno ya kuuliza kwenye pande zake sita, na kijitabu cha mwalimu cha kurasa 24. Maandishi yote ni ya Kiswahili na uchapaji wake ni safi. Mtoto aliyeketi dawati la nne kutoka mbele aliweza kusoma kadi niliyoinyanyua. Aliyeketi la saba hakuweza.

Inafaa kwanza nieleze nilitaka sanduku hili linisaidie kazi gani. Katika madarasa mawili ya mwanzo mkazo, tangu mwaka 2015, umewekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ni sawa kabisa, kwa sababu asiyeweza kuunganisha silabi hawezi kufika kwenye hadithi. Lakini anapoingia la tatu, mtoto huyo huyo anayesoma ukurasa mzima bila kukwama, ukimwuliza hadithi inahusu nini, anakusomea tena sentensi ya kwanza. Ukimwambia aandike hadithi yake, anaandika orodha ya vitu. Hajui bado kwamba hadithi ina viungo, na kwamba kila kiungo kina kazi yake: kuna anayetenda, kuna mahali na wakati anapotenda, kuna jambo linalomsumbua, kuna yanayotokea kwa sababu ya jambo hilo, na kuna namna linavyokwisha. Watoto wengi wa hapa kwetu wanazungumza Kisafwa, Kinyakyusa au Kindali nyumbani, na hadithi wanazijua tele kwa lugha hizo. Kwa hiyo mwalimu hana haja ya kuwaingizia hadithi vichwani. Kazi yake ni kuwaonyesha kilichomo ndani ya hadithi wanazokuja nazo tayari, kisha awape maneno ya Kiswahili ya kukitajia.

Nianze na kilicho bora kuliko vyote katika sanduku hili, nacho ni dadu. Kwenye pande zake zimeandikwa: Nani? Wapi? Lini? Kwa nini? Nini kilitokea? Ilikwishaje? Baada ya kusoma hadithi, kikundi kinarusha dadu, na aliyerusha anajibu swali lililojitokeza kwa sentensi kamili, kisha anampa mwenzake. Ni mchezo mdogo sana, lakini unafanya kazi ambayo maswali ya mwalimu hayaifanyi, kwa sababu mwalimu akiuliza, hujibu wale wanne wanaonyoosha mikono kila siku, na dadu haijui nani ni hodari. Nilimwona mtoto ambaye tangu Januari hakuwa amefungua kinywa darasani akirusha dadu, akapata “Kwa nini?”, akanyamaza kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshahamia kwa mwingine, halafu akasema, “Kwa sababu hakuna aliyemwambia.” Jibu lilikuwa sahihi, na halikuwa limeandikwa popote katika hadithi, alilitoa kwenye matukio. Kama watengenezaji wangeuza dadu peke yake, ningewashauri walimu wote waanzie hapo.

Kasoro ni kwamba dadu ni moja, na mimi nina watoto 84 katika mkondo mmoja. Nilizungumza na fundi seremala aliye jirani na shule, akanikatia vipande 12 kutoka kwenye mabaki ya mbao za paini, ambazo huku Nyanda za Juu Kusini hazikosekani, maana msitu wa kupandwa wa Sao Hill uko hapo Mufindi. Nikavipiga msasa, nikaandika maneno kwa maka, na sasa kila kikundi cha watoto saba kina dadu yake.

Kadi za wahusika zimechorwa vizuri na watoto wanazipenda: bibi mwenye fimbo, dereva wa lori, sungura, msichana mwenye ndoo, fisi, mfalme, mwalimu. Tatizo langu na kadi hizi si michoro. Kijitabu kinaelekeza kwamba mtoto achague kadi ya mhusika, amweleze jina lake, umri wake, sura yake na tabia yake, kisha achague kadi ya mandhari, ndipo aende kwenye nyekundu. Nilifuata maelekezo hayo wiki mbili nzima, na matokeo yake ni haya niliyoyanakili kutoka kwenye daftari la mvulana mmoja: “Kulikuwa na mvulana. Alikuwa na mbuzi. Mbuzi alikuwa mweupe. Mvulana alikuwa mpole. Walikuwa wanaishi Igawilo. Mwisho.”

Hakuna kosa la tahajia hapo. Mhusika yupo, tabia ipo, mandhari ipo, na kwa kipimo cha kijitabu mtoto amefaulu. Lakini hiyo si hadithi, naye mwenyewe alijua, kwa sababu aliponiletea daftari alisema, “Mwalimu, imekataa kuendelea.”

Nilifikiri sana juu ya kauli hiyo. Hadithi ilikataa kuendelea kwa sababu hakuna mtu ndani yake anayetaka kitu. Mvulana mpole aliyesimama karibu na mbuzi mweupe anaweza kusimama hapo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kesho yake nilikata karatasi mbili za manila na kuandika kwa herufi kubwa “Anataka nini?” kwenye moja na “Nini kinamzuia?” kwenye ya pili, nikazibandika juu ya ubao, nikamwambia kila mtoto asiandike neno lolote juu ya mhusika wake kabla hajajibu maswali hayo mawili kwa mdomo kwa jirani yake wa dawati. Mvulana yule yule akaandika: “Mvulana alitumwa na baba yake kupeleka mbuzi mnadani. Walipofika njiani mbuzi akakata kamba, akaingia kwenye shamba la viazi la mama mmoja mkali. Mvulana akaogopa kuingia. Akaita mbuzi kwa sauti ndogo.” Sentensi hiyo ya mwisho, ya kuita mbuzi kwa sauti ndogo ili mwenye shamba asisikie, hakuna kadi ingeweza kumpa. Ilitoka kwenye kizuizi. Ona pia kwamba hakusema popote kuwa mvulana ni mwoga au mtiifu, na msomaji anajua yote mawili.

Hapo ndipo ilipo hukumu yangu kuu juu ya bidhaa hii. Sanduku linafundisha majina ya viungo vya hadithi, na linayafundisha vizuri, lakini linavipanga kana kwamba vina uzito sawa na kwamba vinajazwa kimoja baada ya kingine kama fomu. Kadi za wahusika ni 20 na za tatizo ni 6 tu: amepotea, anaumwa, amekatazwa, ameibiwa, ana njaa, ana hofu. Ningegeuza hesabu hiyo. Tatizo ndilo linalowaamsha wahusika, ndilo linaloamua mandhari ipi inafaa, na ndilo linaloyaita matukio. Mwalimu atakayenunua sanduku hili aanze na kadi nyekundu kila siku, hata kama kijitabu kinasema vingine, na aongeze zake mwenyewe. Darasa langu limeongeza hizi: ametumwa na amesahau alichotumwa, amevunja kitu cha mtu, anajua siri, amechelewa gari la mwisho.

Kuhusu mandhari, neno lenyewe linahitaji uangalifu. Mtoto husikia “mandhari” kwenye sentensi kama “mandhari ya kupendeza”, akadhani ni mahali pazuri pa kutazama, na ndiyo maana hadithi nyingi za darasani hutokea kando ya mto wenye maua. Kijitabu kinaeleza vyema kwamba mandhari ni mahali pamoja na wakati, na kina zoezi zuri la kuhamisha hadithi ile ile kutoka mchana kwenda usiku. Lakini kadi zenyewe zimekisaliti kijitabu. Katika kadi 12, moja ni kibanda katikati ya theluji, nyingine ni ngome yenye minara iliyochongoka, na nyingine ni ufukwe wa minazi ambao watoto wangu wengi hawajawahi kuuona. Sipingi mtoto wa Uyole kuwazia theluji. Ninachosema ni kwamba mtoto anayejifunza kwa mara ya kwanza jinsi mahali panavyobadilisha hadithi anahitaji mahali ambapo anajua kuna baridi kiasi gani, kuna watu gani na njia inateleza vipi. Nilitengeneza kadi za hapa kwetu: stesheni ya TAZARA, kituo cha daladala cha Kabwe, shamba la viazi wakati wa ukungu wa Julai, Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, na Ziwa Ngozi lililo ndani ya kasoko ya volkano katika Milima ya Poroto. Msichana mmoja aliyechagua Ngozi aliandika juu ya kaka aliyeteremka peke yake kwenye ule mteremko mkali kisha ukungu ukafunika njia ya kurudi. Mandhari yake ndiyo iliyomletea tatizo. Mwalimu wa Iringa ataweka jiwe la Gangilonga, na wa Njombe atajua la kwake.

Kuna kadi moja ya mandhari ambayo lazima niitaje kwa sababu ni kosa la wazi. Imechorwa mwezi, nyumba iliyofungwa na saa ya ukutani ambayo mshale wake mfupi umeelekea kwenye tatu, na chini yake imeandikwa “Saa tatu usiku”. Nilikuwa sijaigundua. Mtoto aliyekuwa ameshika kadi alisimama na kusema, “Mwalimu, hii siyo saa tatu. Hii ni saa tisa.” Alikuwa sahihi: saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na kwenye saa tatu usiku mshale mfupi huwa kwenye tisa. Bila shaka kadi ilitungwa kwa lugha nyingine na aliyeigeuza alitafsiri tarakimu badala ya kutafsiri wakati. Hata hivyo kosa hilo lilitupatia kipindi kizuri kuliko vyote vya mandhari. Niliwauliza: mtoto mwenzenu anagonga mlango saa tatu usiku, ni nani na anataka nini? Wakasema ametoka dukani, ametumwa chumvi. Je, akigonga saa tisa usiku? Darasa lilinyamaza kwanza. Halafu wakaanza kusema wote kwa pamoja kwamba kuna mgonjwa, kuna wezi, kuna moto. Mlango ni ule ule na mtoto ni yule yule; saa sita tu zimeongezwa.

Sasa niuzungumzie mlima. Kitambaa kinaonyesha mlima wenye theluji kileleni, na hadithi hupanda upande wa kushoto kutoka mwanzo hadi tatizo na matukio, hufika kileleni, kisha huteremka kulia hadi suluhisho. Watoto, ambao wanauona mlima Loleza kila wanapokwenda mjini, waliuelewa mara moja na walifurahi kubandika kadi juu yake kwa mpangilio. Kwa hadithi fupi ya tukio moja, kama ile ya mbuzi, mlima unafaa sana, kwa sababu humlazimisha mtoto kujiuliza ni wapi mambo yanakuwa magumu kupita yote. Kabla ya mlima huu, watoto walikuwa wakimaliza hadithi pale karatasi inapokwisha.

Lakini kijitabu kinadai kwamba hadithi zote duniani zina umbo hili, na hapo kinakosea. Umbo hili lina mwenyewe. Aristotle wa Ugiriki ya kale alisema kwamba kisa kamili kina mwanzo, kati na mwisho, na zaidi ya miaka 2,000 baadaye, mwaka 1863, Mjerumani Gustav Freytag akachora umbo la piramidi kuelezea tamthilia za sehemu tano, hasa tanzia, yaani zinazoishia kwa huzuni. Wote wawili walikuwa wakizungumzia michezo ya jukwaani. Hakuna kati yao aliyekuwa akiwaza ngano inayosimuliwa jikoni na bibi huku moto ukiwaka na watoto wakiitikia.

Niliwasimulia watoto ngano inayojulikana sana ya wanyama na kisima. Kuna ukame, wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba, kisha anakuja kuiba maji. Anawekwa fisi kulinda; sungura anaimba wimbo na kumdanganya kwa asali. Anawekwa mwingine, naye anadanganywa vile vile, kwa wimbo ule ule. Mwishowe anawekwa kobe, ambaye anapakwa ulimbo mgongoni na kujificha ndani ya maji, na sungura ananasa. Tulipojaribu kuibandika kwenye kitambaa, kikundi cha kwanza kilikwama. “Mwalimu, sungura amepanda mlima mara tatu,” walisema, na mtoto mmoja ambaye kwao ni Kiwira akaongeza kwamba hadithi hii ni kama barabara ya kwenda Tukuyu, unapanda na kushuka mpaka ufike. Niliukunja mlima siku hiyo nikachora vilima vitatu kwa chaki. Marudio hayo si udhaifu wa ngano zetu. Ndiyo yanayomwezesha mtoto kuishika hadithi kichwani, kuitabiri, kuimba wimbo pamoja na msimulizi, na kushtuka mara ya tatu inapobadilika. Toleo lijalo la sanduku hili likiwa na kitambaa cha pili chenye vilima, litakuwa limefanya haki.

Katika suala hilo hilo la kuitikia, kadi ya mwanzo ina “Hapo zamani za kale” peke yake, na kijitabu kinaagiza watoto wakae kimya wasikilize. Mimi huanza kwa “Hadithi, hadithi!” nao hujibu “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!” Mwitikio huo humweleza mtoto jambo la msingi kuhusu kiungo cha kwanza cha hadithi, yaani kwamba sasa tunatoka kwenye habari za kweli na kuingia kwenye za kubuni, na kwamba anayesikiliza naye ana kazi.

Pengo kubwa la pili baada ya lile la tatizo linahusu lugha yenyewe, na hapa ninaandika kama mwalimu wa Kiswahili ambaye jambo hili linamgusa. Kadi za matukio zina viunganishi: kwanza, kisha, halafu, baadaye, mwishowe. Ni vizuri mtoto avijue. Lakini katika Kiswahili mtiririko wa matukio haubebwi hasa na maneno hayo. Unabebwa na kiambishi cha kitenzi -ka-. Tunafungua kwa -li-, “Sungura alifika kisimani”, halafu tunaachia: akatazama huku na huku, akainama, akachota, akasikia sauti. Kila -ka- inasukuma tukio mbele na kulifunga kwenye lililotangulia, na mzee yeyote anayesimulia pale Uyole anafanya hivyo bila kufikiri. Watoto nao wanafanya hivyo wakisimulia kwa mdomo. Wanapoandika ndipo wanarudi kwenye -li- kila sentensi, alifika, alitazama, aliinama, alichota, na hadithi inasomeka kama orodha ya mahudhurio. Kijitabu kizima cha kurasa 24 hakina hata mstari mmoja kuhusu -ka-, jambo ambalo linanithibitishia tena kwamba kilianzia katika lugha nyingine.

Nilifanya zoezi rahisi. Watoto watano walisimama mstari mmoja mbele ya darasa. Wa kwanza akasema sentensi ya -li-, na kila aliyefuata akaongeza tendo moja kwa -ka-, na aliyerudi kwenye -li- akaenda mwisho wa mstari. Tulipolihamishia kwenye daftari lilijitokeza kosa ambalo walimu wengi watalitambua: “akakula”, “akakuja”, kwa sababu mtoto amezoea “alikula” na “alikuja”. Ni akala, ni akaja. Kadi moja tu ya bluu yenye mifano hiyo ingewaokoa walimu na kalamu nyekundu nyingi.

Kuna pia kadi iliyoandikwa “Mti ulilia kwa sababu alikuwa na kiu.” Sentensi imeanza na mti kama kitu na kumaliza nao kama mtu. Watoto waligawanyika pande mbili, wengine wakitaka “mti ulilia” hadi mwisho, wengine “mti alilia”, na ubishi wao ulikuwa wa maana, kwa kuwa kitu kisicho mtu wala mnyama kinapopewa kinywa ndani ya hadithi kinakuwa mhusika, na wasimulizi wenyewe hutofautiana katika upatanisho wake. Tulikubaliana kwamba msimulizi achague njia moja na asiiache katikati.

Kadi za funzo ndizo nilizozitumia kidogo kuliko zote. Kila moja inaanza na “Hadithi hii inatufundisha”, na watoto wamekwisha kujua majibu yanayowapendeza walimu: tusiwe wavivu, tuwatii wazazi, tusiibe. Nilipoonyesha kadi ya zambarau kabla sijamaliza kusimulia kisima, mikono 20 ilikuwa juu tayari. Mtoto anayelijua funzo kabla ya mwisho hasikilizi tena, na zaidi ya hapo anachanganya funzo na suluhisho, ambavyo ni vitu viwili: suluhisho ni kwamba sungura amenaswa, funzo ni jambo analolifikiria msikilizaji baadaye, na si lazima wote walifikirie sawa. Msichana mmoja alisema yeye anamhurumia fisi, kwa sababu alipewa kazi peke yake usiku kucha bila chakula. Sikumsahihisha.

Kuhusu uimara sina mengi ya kusema. Mvua za Machi zilipopenya darasani, laminesheni ya kadi kama tisa hivi ilianza kuachia pembeni, na sanduku la katoni lililegea. Nimehamishia kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Kitambaa kimefuliwa mara mbili na rangi haijatoka.

Je, linunuliwe? Kwa shule yenye watoto 30 au 35 darasani, au kwa mzazi mwenye watoto wawili watatu wa kati ya miaka saba na kumi, ninasema ndiyo, mradi mtu mzima anayeongoza awe tayari kuanza na kadi nyekundu na kuongeza mandhari ya kwao. Kwa mwalimu wa darasa kama langu, ambaye hana fungu la kununulia zana, ningesema aazime kwa mwenzake siku moja, alitazame, kisha atengeneze la kwake: manila nne, maka mbili, mabaki ya mbao kwa seremala, na kwa kukumbuka viungo avitumie vidole vya mkono mmoja, ambavyo kila mtoto huja navyo shuleni. Dole gumba ni nani, cha shahada ni wapi na lini, cha kati, kilicho kirefu kupita vyote, ni tatizo, cha pete ni yaliyotokea, na kidogo ni ilivyokwisha. Atakayenunua afungue sanduku pale pale dukani na kuhesabu. La kwangu lilikuwa na kadi 59 na dadu haikuwemo, na muuzaji alinipa vilivyopungua bila ubishi kutoka sanduku jingine.

Muhula ulipokwisha nilirudi dukani na orodha ya makosa niliyoiandika kwa mkono, karatasi mbili, pamoja na kadi ya saa. Mama mwenye duka aliitazama kadi, akanyanyua macho kwenye saa iliyokuwa ukutani kwake, akaitazama tena. “Mwalimu, nitawafikishia,” alisema, akaitia kwenye bahasha pamoja na orodha. Nyingine ya kuziba nafasi yake haijaletwa bado. Kwa sasa tunatumia ya manila, ambayo yule mtoto aliyeligundua kosa ndiye aliyeichora: kuna mwezi, kuna nyumba iliyofungwa, na mshale mfupi uko kwenye tisa.